Herufi Moja, Pumzi Moja

Herufi moja, pumzi moja. Hiyo ndiyo kanuni ambayo mchora mabango huyu alifundishwa na fundi wake wa kwanza, naye akaishika kuliko watu wengi wanavyoshika viapo vyao. Brashi ikigusa ukuta, kifua kinasimama. Brashi ikiinuka, unahema. Mkono umefungwa kwenye mbavu, fundi wake alimwambia. Mbavu zikicheza, mstari nao unacheza.

Ukutani kanuni hiyo haikuwa na kosa. Herufi zake zilisimama wima kwenye milango ya mabati na ubavuni mwa malori, na mtu hakuhitaji kuuliza nani kazichora. Mtaani walimwita Pumzi Moja. Kinyozi wa upande wa pili wa barabara alikuwa akimpigia kelele: "Pumzi Moja! Ukitaka kufa, shuka ngazi kwanza, usinifukuzie wateja!" Yeye hakujibu mpaka herufi iishe. Ikiisha, alihema kama aliyeibuka kutoka majini, akasema: "Wateja wako wanafukuzwa na wembe wako."

Shida ni kwamba kanuni haikubaki ukutani. Kwa miaka yote hiyo akili yake haikukazwa bila pumzi kushikwa, na mwisho viwili hivyo vikawa chanda na pete. Akiulizwa kwenye dirisha la ofisi mwaka wake wa kuzaliwa, kifua kilisimama. Akikipima chumba kwa macho ajue kama kabati litapita mlangoni au la, kifua kilisimama. Na mtu asiyetoa pumzi hatoi sauti. Aliyemuuliza jambo zito alibaki anatazama uso usiosema kitu.

Mkewe ndiye aliyeusoma uso huo. Alimjua kwa vidole: akifikiri, vidole viwili vya mkono wa kulia hubanana kama vimeshika brashi. Hapo mke humgonga mgongoni kwa kiganja. "Hema, mzee. Sijawa tayari kuitwa mjane." Na kwa wageni alisema: "Msimwone kimya mkadhani amekataa. Yumo ndani humo, anatafuta kopo lenye rangi yake." Binti yao wa pekee alikua akiyasikia hayo, akayacheka, akayazoea.

Siku moja kizunguzungu kilimshika kazini, akashuka ngazi kwa makalio. Mkewe akampeleka kwa daktari. Daktari alisikiliza kifua, kisha akamwambia ahesabu kurudi nyuma kimoyomoyo huku yeye akiendelea kusikiliza. Kifua kikanyamaza.

"Mapafu yako mazima kabisa," daktari akasema. "Kila mtu akikaza akili, pumzi yake hubadilika. Kwa wengine huwa fupi, kwa wengine hupungua. Wewe unaikata. Ukutani ishike ukitaka, ila ukiwa na watu jizoeze: mtu akikuuliza kitu, toa pumzi kwanza. Sema hata 'subiri', ndipo ufikiri."

"Nikizoea hivyo, mkono hautatikisika?"

"Mzee, mkeo si ukuta."

Mke alicheka njia nzima. Yeye hakucheka, wala hakujizoeza hata siku moja. "Mtu mzima hafundishwi kuhema," alisema. Watu husema hakujua kuwa ana tabia hiyo. Alijua, maana aliambiwa kwa Kiswahili chepesi na mtu aliyesomea kazi hiyo, mkewe akiwa shahidi. Asiyejua husamehewa mapema. Aliyeambiwa akaona uvivu kujirekebisha ana hesabu nyingine.

Binti aliolewa, akahamia mji mwingine. Kisha mke akafariki. Jina la kaburini alilichora mumewe mwenyewe, pumzi moja kwa kila herufi, wala hakuna aliyemwona akilia. Baada ya hapo aliamka, akanywa chai, akaenda kuchora, akarudi. Chumba cha binti alikijaza makopo ya rangi na chupa za tapentaini ya kuzimulia rangi kwa sababu kilikuwa kitupu. Hakuhuzunika wala hakufurahi. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi.

Simu ilikuja asubuhi, kutoka namba asiyoijua.

"Baba, shikamoo. Ni mimi. Nimeazima simu ya dada mmoja hapa stendi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Baba, sikiliza." Alisema haraka, kama anayeogopa kukatizwa. "Mume wangu ametutoa nyumbani. Niko na mtoto na mabegi. Magari ni mawili hapa: moja linakuja kwako, jingine linakwenda mbali, kuna mtu ameniahidi kazi huko. Naomba nirudi nyumbani. Utatupokea?"

Jibu lilikuwa ndiyo, wala hakulitafuta. Alichotafuta ni mahali pa kuweka makopo. Mjukuu alikuwa na kifua kibovu, na chumba kilinuka tapentaini. Makopo yangehamia jikoni? Jikoni kuna moto. Nyuma ya nyumba? Mvua. Chini ya kitanda chake mwenyewe, basi, na chupa apelekewe kinyozi. Na dirisha lile lililokwama lifunguliwe leo. Vidole viwili vilibanana. Kifua kilisimama.

"Baba?"

Mawazo yake yalikuwa yamefika kwenye dirisha.

"Baba, upo? Sikusikii hata ukihema." Kimya. "Umeiweka simu mezani ukaondoka, sivyo? Haya. Nimekuelewa, baba."

Alipohema na kusema, "Njooni, njooni leo hii," simu ilikuwa imekatika. Aliipigia namba ile. Mwenye simu akajibu: "Ameshapanda gari, mzee. Lipi, sikutazama. Alikuwa analia."

Alihamisha makopo yote. Alifungua dirisha kwa patasi. Akaketi mlangoni mpaka gari la kutoka mji wa binti lilipofika na kushusha watu wengine.

Baadaye binti alimpigia shangazi yake kumjulisha alikofika. Shangazi, dada wa mchora mabango, alimweleza yote: makopo, dirisha, na jinsi baba alivyokaa mlangoni. Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Shangazi, tabia yake naijua tangu utotoni. Ningekuwa mbele yake ningetazama vidole. Lakini siku ile sikuomba tabia, niliomba jibu."

"Basi rudi, mwanangu. Anakungoja."

"Mwambie sina kinyongo. Mtoto ameshaanza shule. Nimeshapazoea."

Shangazi aliufikisha ujumbe neno kwa neno, wala hakuupunguza makali. Kaka yake aliupokea akiwa amesimama. "Umesikia?" dada akauliza. Hakupata jibu, akamgonga mgongoni, kama wifi yake alivyokuwa akifanya.

"Nimesikia," alisema.

Wahenga walituambia kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakutuambia kwamba mwenye kimya ndiye wa mwisho kuusikia mshindo wenyewe.

Bado anachora. Mistari yake imenyooka kama zamani, na kinyozi bado anampigia kelele. Chumba ni kitupu, dirisha liko wazi, na harufu ya tapentaini imeisha. Kanuni ile ilimpa mkono usiotikisika. Ilimgharimu binti na mjukuu.