Rangi ya Dirisha Iliyokataa Moto

Kwa nini watu wawili ambao kwa miaka hamsini hawajakubaliana hata kuhusu kiasi cha chumvi kwenye supu waungane ghafla kunizuia nisikwangue rangi ya dirisha?

Swali hilo lilinikaa kichwani usiku kucha.

Naitwa Neda. Nasomea uhifadhi wa vitu vya kale chuoni Belgrade, na ninaamini kwa dhati kwamba kila kitu kina haki ya kuonekana jinsi kilivyozaliwa. Wenzangu hunicheka. Wacheke.

Babu yangu, Budimir, ana fića ya mwaka 1974, kigari cha mviringo, cheupe kama maziwa. Hakuna aliyeruhusiwa kukiendesha isipokuwa yeye. Fahari yake ni kingo nyeusi za madirisha, maana vigari vingine vyote vya aina hiyo vina kingo za kung'aa.

"Toleo maalumu," huwatambia watu mkahawani, hapa kwetu Leskovac. "Yalitoka machache tu, kwa wakubwa."

Mwaka huu akaomba kuingia kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Bwana Srboljub, mwenyekiti wa chama chao, alikuja, akainama dirishani, akacheka puani.

"Mzee, toleo hilo halijawahi kuwepo. Toa hiyo rangi kabla ya Jumapili, la sivyo njoo kwa miguu kama watazamaji wengine."

Nikajitolea kuitoa.

"Usiguse!" Babu alifoka.

"Usiguse!" Bibi Stamena naye akapaza sauti kutoka jikoni.

Kisha wakatazamana, kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja.

Asubuhi iliyofuata, Babu alipokwenda kucheza sataranji, niliingia bandani. Nilifunika kioo kwa magazeti, nikaupuliza ukingo kwa mashine ya hewa ya moto. Rangi ikavimba, ikabanduka kama ganda la pilipili hoho iliyochomwa.

Raha iliyoje!

Ila chini yake kulikuwa na nyeusi nyingine. Hiyo haikutikisika. Nikaongeza moto, ikazidi kukaza. Nikapaka dawa ya kuondolea rangi, ikaidharau.

Rangi gani duniani hupenda moto?

Rangi ya jiko la kuni.

Na nyumbani kwetu ni mtu mmoja tu anayelipaka jiko rangi, kila vuli, kabla ya sikukuu ya mtakatifu wa familia.

Nikachukua msasa laini na maji. Taratibu chuma kikatokea, na pamoja nacho mkwaruzo mrefu, wenye chembe za kijani kilekile cha geti letu.

"Umeona," sauti ilisema.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa mbegu za pilipili hoho.

"Bibi, umewahi kuliendesha gari hili?"

"Mara moja." Akajikuna shavu. "Kwa wiki. Kila vuli."

"Bibi!"

"Sasa unadhani magunia ya hoho za kupikia ajvar, achari yetu ya majira ya baridi, yalikuja yenyewe? Babu yako alisema gari lake si punda. Haya, yeye kwenye sataranji, mimi sokoni. Siku moja geti likanisogelea."

"Geti likakusogelea?"

"Kwa kasi, mwanangu! Nikapaka rangi iliyokuwepo, madirisha yote, yafanane. Mzee akaona, akasema yamependeza. Maskini, miaka arobaini hajui kitu." Sauti ikamshuka. "Niliapa mbele ya picha ya mtakatifu kwamba sijagusa funguo. Akijua leo, nitauweka wapi uso wangu?"

Nikatazama tena ukingo.

"Bibi, ulipaka mara ngapi?"

"Mara moja, mbiombio. Hata nywele za brashi zilibaki."

Nywele hizo niliziona. Zilikuwa zimenasa kwenye rangi ya jiko, chini ya tabaka la juu, laini, lililopakwa kwa mkono mtulivu.

"Basi nani alipaka hii ya juu?"

Nyuma yetu mtu akakohoa.

"Nywele za brashi ziliniudhi," alisema Babu.

Bibi akawa mwekundu kuliko hoho zake. "Ulijua?"

"Geti lilipinda, bibie. Mageti hayatembei."

"Na ukanyamaza miaka yote hiyo!"

"Ningesema, ungeacha kuendesha. Ungeacha, magunia yangebebwa na nani?"

"Mwongo mkubwa wewe! Eti toleo maalumu!"

"Niletee jingine lililopakwa rangi ya jiko. Haya, lete!"

Bibi akamrushia kitambaa usoni. Walicheka mpaka kuku wakakimbilia barabarani.

Mimi, mpenda ukweli, nilibaki na msasa wangu mkononi, nikijifunza jambo ambalo mhadhiri hajanifundisha: kukwangua ni rahisi, kujua pa kuachia ndiyo kazi. Si kila rangi huficha uongo. Nyingine imehifadhi ndoa.

Jioni Bwana Srboljub akapita na orodha yake.

"Haya, rangi imetoka?"

"Hapana," nilimjibu mbele yao wote. "Palipokwanguliwa pataonekana, kwingine kote rangi inabaki. Jumapili tunakuja nalo hivihivi, na atakayeliendesha ni Bibi."