Mwaka Uliofichwa na Vichwa

Wageni waliotaka kupiga picha za Dodoma ya zamani walielekezwa kwa Methusela, na kabla hawajatoa kamera mkobani walisomewa masharti. Waanze mapema, kwa kuwa ikipita saa tatu jua la huku huzifuta kuta zikabaki weupe mtupu. Wafunike lenzi upepo unapovuma, maana vumbi la Dodoma halibishi hodi. Wasielekeze kamera kwenye lango lenye askari. Wasalimie kwanza, picha baadaye. La mwisho alilitamka kwa uzito wa amri ya Musa:

"Jengo lisilo na mtu mbele yake si picha. Ni ushahidi wa mahakamani."

Wapo waliocheka. "Mzee, kwetu Unguja hata choo kina miaka mia mbili."

"Basi rudini mkapige choo," alijibu, akatangulia njia.

Kwa miaka thelathini na mmoja studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba moja ya kale mtaa wa Uhindini. Juu ya mlango, fundi aliyeijenga aliandika kwa saruji: 1932. Wateja walisimama kwenye ngazi ya juu, naye akachuchumaa barabarani ili hata mfupi atoke mrefu. Kwa pembe hiyo kichwa cha mteja kilipanda hadi kwenye tarakimu, na Methusela alihakikisha kimezifunika zote. Mtu mwenye namba juu ya utosi, alisema, hufanana na mfungwa.

Serikali ilipohamia mjini, mwenye nyumba aliona aibu kumiliki kitu cha zamani katika makao makuu. Akaupiga ukuta wa mbele lipu mpya na rangi ya krimu, mwaka ukazikwa. Baadaye akaamua kuibomoa nyumba yote ajenge ghorofa, na Methusela akapewa notisi ya kuhama. Tumaini lilibaki moja: kamati ya majengo ya kale ingeweza kuzuia ubomoaji, kama umri wa nyumba ungethibitishwa. Lakini lipu isingebanduliwa kwa maneno matupu.

"Leta picha moja tu inayoonyesha mwaka," alisema Elisante, karani wa kamati. "Mwisho Ijumaa."

"Moja?" Methusela alicheka. "Nitakuletea gunia."

Jumatano aliingia ofisini na maboksi manne. Elisante alipitisha picha mia sita mkononi. Maharusi, mapadri, wabunge, mashekhe. Wote wima, wote mezani pake, na nyuma ya kila kichwa, hakuna kitu.

"Mzee, hapa naona kofia."

"Nyuma ya kofia kuna mwaka."

"Kamati haina mamlaka ya kumvua mtu kofia."

Methusela alirudi studio akiwa mdogo kuliko wateja wake. Lilikuwa limebaki boksi moja, la picha zilizoharibika, ambalo hakulitupa kwa sababu hakuwahi kutupa chochote. Huko ndiko alikomkuta Germana.

Alimkumbuka kwa hasira. Alikuwa binti wa Kinyamwezi, mhitimu wa ualimu, ndani ya joho. Methusela akiwa ndiyo anabonyeza, mzee mmoja alipita na mkongojo wake, na Germana, kama alivyolelewa Tabora, akashuka goti hapohapo. "Shikamoo, babu."

"Binti! Salamu si ingesubiri?"

"Babu hasubiri, kaka. Kamera ndiyo inayosubiri."

Alimpiga nyingine, nzuri, kichwa mahali pake. Ile ya kwanza akaitia boksini, na siku hiyohiyo akatunga lile sharti la kusalimia kwanza, ili asiharibiwe picha tena. Sasa aliishika dirishani. Chini, ukungu wa kofia ya mahafali. Pembeni, ncha ya mkongojo. Juu ya mlango, wazi kama muhuri: 1932.

Elisante aliikubali, ila alitaka maandishi ya aliyepigwa kwamba mlango ni huohuo. Germana sasa alikuwa mwalimu mkuu huko Bahi. Methusela alimpigia simu, akamweleza shida yake yote.

"Ndiyo ile picha uliyosema nimeiharibu?"

"Ndiyo hiyo, mwalimu."

"Nitaandika. Lakini kwanza sema aliyeharibu ni nani."

Methusela aliyatazama maboksi manne. "Wewe hukuharibu hata moja," alisema. "Mia sita nimeziharibu mimi."

Barua ilifika Alhamisi na basi la asubuhi. Wiki iliyofuata lipu ilibanduliwa, mwaka ukatoka ukipepesa macho, na ghorofa likatafutiwa kiwanja kwingine.

Siku hizi kila mgeni anataka kupigwa mbele ya mlango huo, na kila mmoja hupanda ngazi ya juu na kusimama wima kabisa. Methusela huchuchumaa kwa mazoea, huangalia, hushusha kamera.

"Mama, piga goti kidogo."

"Kwani kuna nani hapa?"

"Nyumba," humjibu. "Salimia kwanza."