Radhi kwa Rubani

Kaka yangu alikuwa akija nyumbani ananukia langilangi. Alifanya kazi kisiwani Nosy Be, kwenye kiwanda cha kuchemsha maua hayo na kutoa mafuta, na harufu ilimganda mwilini. Mama alifua shati zake mara mbili huku akilalamika kwamba alizaa mwana wa kiume akarudishiwa bibi harusi. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Tulikaa mtaa wa Antanimasaja, hapa Mahajanga, Madagaska, familia ya Kikomoro iliyobaki wakati jamaa zetu wengi walikwisha kuondoka baada ya yale mauaji ya Wakomoro mjini.

Alikuwa akija kwa ndege ndogo isiyokuwa hata na pazia nyuma ya rubani. Siku niliyopanda naye niliogopa mpaka nikaishiwa mate. Akaninong'oneza, "Acha kutazama mawingu. Tazama mikono ya rubani." Nikaitazama njia nzima. Tangu hapo nilijua ndege ni mtu na mikono yake, na sikuwahi kudhani kuna namna nyingine.

Baadaye kaka akaenda Ulaya kutafuta maisha, na mama akabaki kumngoja. Miaka mingi ikapita. Alipopata nafasi ya kuja kututembelea, ndege yake, kubwa na mpya, ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka. Hakuna maiti iliyopatikana. Msikitini wakamsalia swala ya ghaibu, nyumbani tukasoma hitima. Mama alipika, alipakua, alishukuru watu. Hakulia.

Kisha mabishano yakaanza redioni. Ndani ya ndege ile mlikuwa na mtambo wa kompyuta unaoinamisha pua wenyewe ukidhani ndege inapanda mno. Waliouunda walisema marubani walipaswa kuuzima. Marubani wenzao wakasema hawakufundishwa hata kwamba upo. Redio ilisema kwa Kifaransa, nami nikamfasiria mama, nikiongeza matusi yangu machache, maana mimi hasira zangu zi karibu.

Katikati ya hayo akaja mama wa rubani aliyekufa na ndege ile. Alikuwa Mkristo kutoka nyanda za juu, lakini aliambiwa kwamba kwetu mtu akifa, wenziwe humwombea radhi kwa watu aliowakosea. Akazunguka nyumba za wafiwa, moja hadi nyingine. Mimi nilitaka kumfungia mlango, nasema wazi. Mama akamkaribisha, akampa chai na mkate wa sinia, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Bado hawajamaliza kubishana, mama," akamwambia kwa Kimalagasi, kwa upole. "Wakimaliza, njoo."

Yule bibi akaondoka mikono mitupu. Nikamsifu mama kwa msimamo wake. Akanitazama kama anayetazama chungu kilichovuja.

Mabishano yalichukua miaka. Kila habari za saa zilipofika mama alinyamazisha nyumba nzima, wajukuu na kuku pamoja. Nilidhani anangoja haki. Siku moja nikamwambia hawa watu hawatamaliza, haki ya maskini huchelewa. Akasema, "Waache wachelewe. Wakiwa bado wanabishana kuhusu safari yake, naona kama bado yuko njiani."

Nilitoka uani nikalia, kwa sababu nami nilikuwa namtaka kaka yangu, na sikuwa na pa kumngojea.

Mwishowe ripoti ikatoka. Mtambo ulikosea kwanza, walisema, na rubani akababaika baadaye. Kila mmoja akapewa fungu lake la lawama. Nilipomaliza kufasiri, mama akazima redio kwa mkono wake. Jioni ile hakula.

Mama wa rubani naye alisikia, akaja. Gari lake liliharibika Belobaka, nje kidogo ya mji, akaingia mjini amekaa juu ya magunia ya mkaa, gauni lake jeupe limekuwa rangi ya masizi ya sufuria. Alikuwa amezeeka sana. Mama alimletea maji ya kuoga, kisha akampa kanga yangu mpya bila kuniuliza.

Walikaa mkekani, wawili hao, magoti yakikaribia kugusana. Nilisimama mlangoni na sinia ya chai.

"Wamemaliza," mama alisema.

"Wamemaliza," akajibu mgeni. "Waliounda mtambo, walikuja kwako?"

"Hawakuja. Umekuja wewe."

Yule bibi akainama, akaanza maneno yake ya kuomba, yale yale ya mwanzo. Mama akamshika mkono kabla hajafika mbali.

"Mwanao nimemsamehe," akasema. "Duniani na akhera, sina langu kwake."

Mgeni akalia. Mama akamwacha alie, akimfutia masizi shingoni kwa ncha ya mtandio. Halafu machozi yake mwenyewe, yale ambayo sikuyaona siku ya msiba wala siku ya hitima, yakaanza kushuka.

"Sasa niambie, ndugu yangu," akamwuliza. "Kuanzia kesho nitamngoja nani?"