Wino Mwekundu wa Mwalimu Obiero

Maximilla Nakhungu hakujua kusoma hata jina lake mwenyewe, lakini mwaka wa 1971 sidhani kama Kisumu nzima ilikuwa na mtu aliyezijua shule za mji ule kumshinda. Alizijua kwa njugu.

Kila asubuhi alikaanga njugu kwa chumvi, akazitia kwenye karai, akaketi nje ya soko. Karatasi za kufungia alipewa na watoto. Kitabu cha mazoezi kilichojaa kilibadilishwa kwa kifuko kimoja cha njugu. Ndiyo ilikuwa desturi, na hakuna aliyebishana nayo. Maximilla alichana ukurasa, akausokota, akaujaza njugu na kuukunja juu. Hesabu za watoto wa Kisumu zikaenda kutafunwa bandarini, stesheni na kwenye ngazi za kanisa.

Mwezi wa Novemba mwenye nyumba walikopanga akahitaji chumba chake, kijana wake alikuwa anaoa. Walubengo, mume wa Maximilla, aliyepakua mizigo bandarini, hakukawia. Jumapili moja alirudi akitabasamu. Amepata chumba upande wa Mamboleo, sakafu ya saruji, bomba liko karibu.

"Na shule je?" akauliza Maximilla.

"Shule iko. Ya mawe, Mama Elsie. Iko na bendera, iko na maua mpaka kwa geti."

"Maua ndiyo itafundisha Elsie?"

Walubengo akainama kuvua viatu. Habari ya Elsie ilimkata tabasamu siku zote. Mtoto alikuwa na miaka tisa na bado yuko darasa la kwanza, kwa mara ya tatu. Surua ilimwacha hai ila ikaondoka na sikio la kushoto. Shule aliyokuwa akisomea ilimketisha nyuma, ikamwita akiwa amegeuka, ikamchapa kwa kutoitika. Maximilla alipokwenda kueleza, aliambiwa mtoto asiyesikia apelekwe kwingine. Toka siku hiyo Walubengo alikata shauri: shule itakayofuata haitaambiwa lolote juu ya sikio, wasije wakamfukuza mlangoni. Na akishindwa tena, atapelekwa Kimilili kwa nyanya yake akachunge ndama. Walubengo hakuyasema kwa ubaya. Alikuwa amechoka kuona alama za kiboko kwenye miguu ya mtoto wake.

Maximilla naye hakulala kwa wazo la ndama. Kuanzia kesho yake, kila mtoto aliyeleta kitabu aliulizwa, "Wewe nasoma wapi?" na kitabu kikawekwa kwenye fungu lake. Vya shule ya mawe huku. Vya shule ya mabati ya Nyalenda, mtaa mwingine wenye vyumba rahisi, kule. Vingine vyote vikachanwa papo hapo.

Hakutafuta maneno, maana hangeyajua. Alitafuta wino mwekundu. Wino mwekundu ni mkono wa mwalimu. Penye wino, mwalimu amefika kwa mtoto. Basi vitabu vya shule ya mawe vilimfurahisha sana. Kila ukurasa ulikuwa na alama, safu kwa safu, hakuna hesabu iliyorukwa. Vya Nyalenda vilikuwa na wino wa kusikitisha, mahali pengine umefifia hata uufuate kwa kidole.

"Baba Elsie, ulisema kweli," alikiri, na kukiri kwa mume hakukuwa kazi yake ya kila siku. "Ambia yule mwenye chumba tunakuja Mamboleo."

Walubengo alijivuna siku mbili nzima, masikini.

Siku ya tatu mvua ilinyesha, soko likafungwa mapema. Maximilla akaketi sakafuni kuchana karatasi za kesho, na kwa kuwa hakuwa na haraka, akatazama. Akafungua kitabu kimoja cha shule ya mawe. Penseli ya mtoto ilibadilika: hapa nene, hapa nyembamba, hapa imetiwa mate. Miezi mitatu ya kazi ya mtoto. Lakini wino ulikuwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, wekundu ule ule, na kila alama imejipiga chapa kwenye ukurasa wa pili kwa sababu kitabu kilifungwa kabla haijakauka. Akafungua cha pili, cha tatu. Vivyo hivyo. Huyu mwalimu alisahihisha miezi mitatu kwa siku moja, huenda kwa kusikia mkaguzi yuko njiani.

Akavuta fungu la Nyalenda.

Huko wino ulianza mzito, ukawa mwepesi, ukawa wa waridi, ukafika mahali pa kuonekana kwa shida, halafu ghafla mzito tena. Maximilla aliifahamu hali hiyo vizuri kuliko mkaguzi yeyote. Ndivyo anavyofanya mwenye mchuzi mdogo na watu wengi: anaongeza maji, anaongeza tena, mpaka apate nyama nyingine. Mwalimu huyu chupa yake ilikuwa ndogo, na aliitumia kila siku ya Mungu. Maximilla akajionea aibu. Alikuwa amemdharau mtu kwa umaskini wa wino wake, yeye muuza njugu!

Chini ya ukurasa mmoja wenye makosa matupu palikuwa na mstari mrefu wa wino ule wa waridi. Maximilla akampa Walubengo, aliyefika darasa la nne, naye akausogeza dirishani akasoma polepole: "Ulikuwa mbali hukusikia. Si kosa lako. Kesho keti mbele, nitarudia."

Walubengo akaurudia mstari ule kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Nyalenda hakuna saruji," alisema mwishowe.

"Nitasiliba sakafu kwa udongo."

"Na sikio hatutataja. Tumekubaliana."

"Hatutataja," akajibu Maximilla, ingawa ilimuuma.

Januari walihamia chumba cha udongo ambacho paa lake lilivuja mahali pawili. Siku ya kwanza ya shule Maximilla alimfikisha Elsie mlangoni, kisha hakuondoka. Alisimama nje ya dirisha, karai kichwani, akijifanya anapumzika. Mwalimu Obiero, mwenye wino ule wa waridi, alikuwa mtu mfupi, koti limepauka viwikoni. Alikuwa anaandika ubaoni huku akiita majina, mgongo kwa watoto.

"Elsie."

Elsie alikuwa anatazama chaki.

"Elsie Nekesa!"

Watoto wakacheka. Maximilla alitaka kupiga kelele kwamba mtoto si mkaidi, ni sikio, jamani, ni sikio tu. Akalishika karai kwa mikono miwili akakumbuka ahadi.

Mwalimu akageuka. Akaja mpaka kwenye dawati, akasimama upande wa kushoto, akaita kwa sauti ya kawaida. Mtoto hakutikisika. Mwalimu akamtazama kitambo. Kisha akaiweka chaki mfukoni, akazunguka dawati taratibu, akachutama upande wa kulia.

"Elsie."

"Niko, Mwalimu."

"Nimeona, nyathina, mtoto wangu. Kuja." Akamshika mkono, akamketisha dawati la mbele, kando ya ukuta, ukuta ukiwa kushoto na darasa zima kulia kwake. Halafu akaanza majina upya tangu la kwanza, safari hii akiwatazama.

Maximilla alilia njia nzima mpaka sokoni, akauza njugu akiwa na macho mekundu, na aliyemuuliza aliambiwa ni moshi.

Mwisho wa muhula Elsie alisimama mbele ya karai na kitabu kilichojaa. "Mama, imeisha. Nipe njugu yangu."

Maximilla alikifungua. Wino ulikuwa mzito, ukawa mwepesi, ukawa wa waridi, kisha mzito tena, siku kwa siku, bila kuruka hata moja. Mchana ule karatasi zilikuwa zimemwishia, na wateja wawili walikuwa wanasubiri.

"Kinga mikono," alimwambia mtoto, akammiminia njugu viganjani mpaka zikamwagika. Wale wateja nao akawamiminia viganjani. Kitabu akakiweka kifuani, ndani ya nguo.