Siku Nilipoziba Baragumu la Msaragambo

Wajukuu wangu, mkitaka kunicheka chekeni, maana aibu hii kila aliyekuwepo anaikumbuka kuliko mimi.

Ilikuwa miaka ile ruhusa imetoka kila mtu auze anachotaka, sukari ikarudi madukani, na hospitalini tukaanza kununua mpaka sindano, ndipo mume wangu Elinaja akaambiwa ana saratani ya damu. Daktari, kijana Mpare mwenzetu, alinieleza vizuri (mimi niliishia darasa la pili).

"Mama, kila chembe ya damu ina vipokezi kwenye ngozi yake, vinapokea ujumbe wa mwili, kama sisi tunavyosikia baragumu la msaragambo tukatoka na majembe. Chembe za mzee zinasikia 'zaaneni, zaaneni' hata kama hakuna aliyepuliza. Huko Ulaya wanatafuta dawa ya kuyaziba masikio hayo. Sisi tuna vidonge hivi vya kuzipunguza. Umeelewa?"

"Nimeelewa, daktari."

Nilichoelewa ni kwamba baragumu linamuua mume wangu.

Na Jumatano kijiji kizima kilikuwa kitoke msaragambo, kazi yetu ya pamoja, kuondoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, tena mheshimiwa anapanda kutoka mjini Same kutuhutubia kuhusu kujitegemea (gari lake lilisukumwa na watu wanane wa kijiji cha chini pale konani). Jumanne nikaenda kwa mpulizaji, Mzee Kiangi, nikamwomba mkewe, Mama Nakijwa, kaa la moto, naye alipoinama jikoni nikasokomeza kipande cha kanga yangu ndani ya lile baragumu lake la pembe mpaka kidole kikagota.

Asubuhi Kiangi akapuliza, ikatoka sauti ya mbuzi mwenye mafua. Akapuliza tena macho yakamtoka, wapi, hakuna aliyesikia, na mheshimiwa amesimama juu ya jiwe na karatasi zake, mbele yake Kiangi, Mama Nakijwa na ng'ombe wao. "Biashara huria imewafanya wananchi wavivu," akasema, anamtazama ng'ombe. Akaondoka. Kiangi akachokonoa pembe kwa kijiti, tambara likatoka, na Mama Nakijwa hakuhitaji kuuliza kanga ile ni ya nani.

Kufika mchana uwanja wangu umejaa watu na majembe yao makavu. "Shemeji, tumekukosea nini?" Kiangi akauliza. Nikaeleza yote, chembe, masikio, zaaneni. Vijana wakaangua kicheko. Kiangi hakucheka.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayemmaliza Elinaja?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka chumbani: "Kiangi, mbona leo hukupuliza? Nimelala tangu alfajiri nasubiri. Nikajua mmeshanitoa kwenye hesabu ya watu."

Kicheko kikakatika. Kiangi akasogea na baragumu lake mpaka dirishani akapuliza, mimi nimeinamisha kichwa, na Elinaja akaomba aletewe jembe lake alishike tu.

Aliishi misimu miwili ya mahindi, na kila msaragambo Kiangi alianzia dirishani kwetu. Mimi tangu hapo daktari akiniuliza kama nimeelewa nasema hapana, aanze upya. Wa juzi alieleza mara nne, na ile ya nne nikaona hata yeye ameanza kuelewa.