Amerudi, Karibuni Chai

Usiku ule wa kufunga mwaka, kengele ya parokia ikiwaita watu kwenye misa ya mkesha, mimi nilikuwa nimeshajifunika blanketi mbili, goti nimelisingizia ugonjwa. Goti langu ni zima. Ila lina tabia ya kuuma kila kunapokuwa na baridi, mvua, au watu nisiotaka kuwaona, na Njombe yetu mwezi wa kumi na mbili ina vyote vitatu. Usiku huo nilikuwa namkimbia Mungu kidogo, na Mama Deo sana.

Nianze na aibu yenyewe, la sivyo ndoto haitaeleweka.

Wiki mbili kabla ya Krismasi, binti yangu Yustina alirudi kutoka kwa mumewe na begi moja. Tukiwa jikoni tunamenya viazi, akaniambia mimba ya tatu imetoka, na kwamba ukweni hakai tena kuhesabiwa mimba zilizotoka. "Mama, haya yabaki hapa hapa jikoni." Nikaapa kwa Bikira Maria, kisu mkononi.

Jumamosi baada ya Krismasi ikawa zamu ya nyumba yangu kusaliwa na jumuiya. Yustina alikuwa ameenda mashineni kusaga mahindi. Mimi ndiye niliyesoma injili ya mwaka mpya, ile inayomsimulia Maria alivyoyaweka mambo yote moyoni mwake. Nilisoma vizuri, kwa vituo. Sauti ya kusomea ninayo, kidato cha nne sikukaa bure. Kisha yakaja maombi, kila mtu anaomba lililo moyoni. Mama Deo, katibu wetu, akamwombea mwanawe apate kazi. Jirani akamwombea mumewe aache pombe, na mume mwenyewe ameketi pale pale kwenye kona, anatazama dari. Zamu yangu ikafika. Ningeweza kuombea mvua ya kiasi. Nikafumba macho nikasema, "Tumwombee binti yangu Yustina, aliyepoteza mimba tatu. Bwana alifungue tumbo lake, amrudishie na ndoa yake."

Wakaitikia kwa huruma nyingi: "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Mama mmoja akanifuta chozi. Nikajisikia vizuri. Hapo ndipo penye aibu, jamani: nilijisikia vizuri.

Jumatatu, bombani, bibi mmoja alimshika Yustina tumbo mbele za watu. "Pole mwanangu, tunaliombea." Yustina alirudi nyumbani, akatua ndoo.

"Kumbe ulisali, mama," akasema.

Basi. Tangu hapo ikawa shikamoo asubuhi, na ukimya mpaka shikamoo nyingine. Begi lake likahama kutoka chumbani hadi karibu na mlango. Tarehe mbili anaondoka; anakokwenda hakusema, na mimi nilikuwa nimepoteza haki ya kuuliza. (Haya naandika kwa ruhusa yake. Jina la Yustina amejichagulia mwenyewe, na mistari miwili ameifuta kwa kalamu nyekundu kama mwalimu.)

Kengele ilinyamaza. Sikumbuki kulala. Nakumbuka hodi.

Nafungua mlango, na nje si usiku tena, ni mchana mweupe wa mwezi wa sita, ukungu umeshapanda. Mama yangu mzazi amesimama kizingitini, mwaka wa saba huu tangu tumzike. Amevaa gambuti zake za shamba, zina tope bichi.

"Tumsifu Yesu Kristo," anasema.

"Milele, amina." Midomo ilijibu kabla mimi sijashangaa.

Mgongoni amefunga mbeleko, nayo imejaa. Nikanyoosha shingo nichungulie. Akageuka polepole, akanipa uso badala ya mgongo. Nikajaribu upande wa pili. Akageuka tena. Aliingia ndani hivyo hivyo, ubavu kwa ubavu na ukuta, kama mtu anayepitisha kabati.

Sebule ikawa ndefu. Viti vya plastiki vya jumuiya vikasimama kwa miguu ya nyuma, vikawa fito, na harufu nikaijua kabla ya kuona: banda la nguruwe la masista. Nina miaka kumi na saba, kitambaa cheupe kichwani, ndala mguu mmoja. Parokia nzima ilinisindikiza utawani kwa mbuzi na ngoma, nami nilidumu siku kumi na tisa. Imani nilikuwa nayo. Nilichokosa ni kitanda changu, na makande ya mama. Nikatoroka kupitia bandani, alfajiri, sketi imenasa kwenye msumari, nguruwe jike ananitazama kama mama mkuu. Kama yupo mtakatifu wa wanaotoroka kwa njia hiyo, bado sijamsikia akiombwa.

Ila safari hii, ndotoni, mama yuko upande wa pili wa fito. Ananinasua sketi. Sanduku langu la bati analo yeye kichwani, mbeleko mgongoni, na tunatembea, na barabara ni ya kwetu, na wanawake wa enzi zile wanatoka majumbani wakijifuta mikono.

"Kulikoni? Huyu si tulimchinjia mbuzi?"

Najificha nyuma ya mama. Yeye hapunguzi mwendo.

"Amerudi nyumbani. Karibuni chai."

Ndivyo alivyowajibu kweli mwaka ule. Na hakuongeza neno mpaka tunamzika. Miaka yote hiyo nilidhani mama yangu ni mtu asiyejua kuongea.

Chai hatukunywa. Tuko kanisani, lile la zamani lenye sakafu ya udongo, na mama amepiga magoti. Sasa nina umri wangu wa leo na goti langu la leo, zima kabisa. Nikajisemea, hapa ndipo aliponianika. Watu aliwaficha, lakini kwa Mungu lazima alimwaga yote, nguruwe na ndala. Nikasogea kwa ncha za vidole, nikatega sikio.

"Felista," alisema. Jina langu, basi.

Akanyamaza. Nikangoja. Mshumaa ukashuka nusu.

"Felista," akasema tena, akafanya ishara ya msalaba.

"Basi, mama?"

"Basi."

"Humwelezi?"

"Alikuona ukipita kwa nguruwe. Nimsimulie nini?"

Nilicheka. Mama hakucheka. Alinigeuzia uso wote, ule uso wa kuuliza nani kala nyama chunguni.

"Siku ile ulikuwa unamwambia Mungu, au Mama Deo?"

Nataka kujibu, mdomo umejaa maganda ya viazi. Natema, yanakuja mengine. Natema mikononi, mapajani, sakafuni, maganda hayaishi, na mama anangoja bila haraka. Hapo kitu kikajinyoosha ndani ya mbeleko, kama mtoto anavyopiga teke usingizini. Mama akapeleka mkono nyuma, akakipapasa.

"Mwambie binti yako wamelala vizuri," akasema. "Mwambie mwenyewe. Asiwepo mwingine."

Nikaamka. Mvua juu ya bati, mwaka mpya umeingia bila mimi. Na sikilizeni nilichowaza kwanza, kabla hata ya kufanya ishara ya msalaba: ndoto hii nikiisimulia jumuiya, hakuna atakayebaki na jicho kavu. Nilishaanza kupanga pa kuweka vituo. Kisha nikajisikia ninavyowaza. Chumba kilikuwa kitupu, lakini nilivuta blanketi nikafunika uso, kwa sababu kuna mtu nilitaka asinione, na mtu huyo alikuwa ndani ya blanketi.

Kwetu mzazi hamwombi mtoto msamaha, anamkaangia yai. Nikakaanga mawili.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Yustina akaitazama sahani. "Mama, mayai haya ya nini?"

"Ya mwaka mpya."

Akaisogeza pembeni. Nikavuta kigoda, nikakaa chini yake, mahali ambapo mama hakai. "Niliitoa siri yako. Nikaiita sala. Nisamehe." Maneno matatu hayo ya mwisho... hata si matatu, ni moja, na lilitoka kama jino.

Nikamwambia ndoto, yote, na ujumbe wake nikauweka mwisho bila kuupamba. Chai ilipoa. Yustina aliuma mdomo.

"Walikuwa wangapi?"

"Sikuonyeshwa. Kila nikichungulia, bibi yako ananigeuzia uso."

Machozi yakamtoka, na katikati yake kicheko, kifupi, kama chafya. "Hata bibi anakujua, mama."

Akala yai moja. Begi halikusogea kutoka mlangoni, sitawadanganya.

Hatujanyanyuka, hodi. Mama Deo, mwavuli mkononi, chupa ya dawa ya mizizi kwapani.

"Heri ya mwaka mpya, Mama Yustina! Jana mkesha hatukukuona, goti tena? Haya, na mtoto anasemaje? Anarudi kwa mumewe?"

Naujua ulimi wangu. Niliusikia ukiinuka, ukijipanga, umebeba sauti ya kusomea. Nikaumeza pamoja na mate.

"Amerudi nyumbani, Mama Deo. Karibu chai."

Alingoja niendelee. Nami nikangoja naye, mvua ikitunyeshea kizingitini. Nyuma yangu nikasikia kiti kikivutwa, na kikombe cha tatu kikiwekwa mezani.