Eksosi ya Katani

Jamani, kuna aibu ambazo mtu akizisimulia zinapungua, na kuna hii yangu, ambayo kila nikiisimulia inanenepa, na mke wangu akiwa karibu ndiyo basi kabisa, anaongezea vipande ambavyo mimi nilikuwa nimeamua kuvisahau. Kwa hiyo leo naitoa mwenyewe, yote, ili siku mkiisikia kwenye vijiwe vya kahawa vya Kilosa (na mtaisikia tu) mjue wapi ni kweli na wapi wametia chumvi. Ile ya mbuzi ni kweli. Tutafika.

Mimi kwetu ni Mikumi, mji wa malori, mahali ambapo kelele ni hali ya hewa. Na nilikuwa na pikipiki. Wengine wana pikipiki ya kwendea shamba au ya kubebea abiria, mimi nilikuwa nayo ya kupendea. Sasa, ndani ya eksosi ya kila pikipiki kuna kibomba chenye matobo, kazi yake ni kumeza kelele, na kwa vijana wa kijiweni kwetu kitu cha kwanza ukishanunua pikipiki ni kuking'oa kile kibomba na kukitupa, ili ukipita watu wajue umepita. Mimi cha kwangu nilikitupa siku ileile. Nikipita stendi wauza mahindi walikuwa wanaziba masikio kwa viganja vyenye chumvi, na mimi (Mungu anisamehe) nilikuwa nadhani wananipungia.

Halafu nikampenda Rehema. Rehema ni wa Kilosa, alikuwa akija Mikumi kwa dada yake, na siku moja nikajitolea kumrudisha kwao. Sasa baba yake, Mzee Mrisho, ni mstaafu wa reli, mtu ambaye maisha yake yote ameishi na honi za treni, na baada ya kustaafu alichokuwa anakitaka hapa duniani ni kimya, basi. Tulifika wakati amejilaza barazani na redio yake ndogo kifuani. Nikapiga resi ya kuagana, moja tu, ya mapenzi. Kuku walihama. Redio ilianguka. Mzee alisimama na kikoi mkononi akijaribu kuelewa kama treni imeacha njia, na mimi nikawa nimeshageuza na kofia yangu kubwa kichwani, hakuniona sura. Lakini mlio aliusikia, na jioni ile akatamka mbele ya nyumba nzima, "Mwenye mlio ule, hata aje na ng'ombe zizi zima, binti yangu hapati."

Rehema akanipigia simu. Hakulia, yeye si wa kulia. Aliniambia, "Shabani, sura yako hajaiona, kwa hiyo una nafasi moja. Lete mshenga kwa adabu. Ukiiharibu hii, mimi sina mdomo wa pili wa kumwombea mtu kwa baba." Nilikaa kitandani nikiwa na simu sikioni hata baada ya kukata, maana nilikuwa nampenda kweli.

Mshenga wangu alikuwa Mjomba Selemani, anayeishi pembeni ya Kilosa, upande wa mashamba ya katani. Mjomba alinipa maelekezo mafupi: njoo kwa basi, balaa lako liache Mikumi, halafu siku ya posa wewe unakaa nyumbani kwangu unakunywa chai, maana muoaji haonekani, mambo ni ya wakubwa. Kila neno lilikuwa sahihi. Mimi nikajibu, "Sawa Mjomba," nikakata simu, nikaenda kwa Fundi Chande na pikipiki. (Nifanyeje? Mshenga wangu abebwe na pikipiki ya mtu mwingine, na mimi nina ya kwangu? Heshima iko wapi?)

"Fundi," nikamwambia, "nataka iwe kimya, lakini kisiwe kimya cha msiba. Iwe na utamu kwa mbali."

Fundi Chande akaweka spana chini. "Unataka mke au unataka muziki?"

"Vyote."

Basi akanitengenezea kibomba kipya, kirefu kuliko cha kiwandani, akakitoboa matobo madogomadogo, akakizungushia nyuzi za chuma zile za kusugulia masufuria, akakisukuma ndani ya eksosi na kukibana kwa bolti moja. Ndugu zangu, ule mlio! Chini, mzito, wa taratibu, kama mama anatwanga kisamvu nyumba ya pili. Nikazunguka stendi nzima na wauza mahindi hawakugusa masikio. Mmoja aliniuliza kama nimeanza kuswali. Nikarudi kwa fundi karibu nimkumbatie, naye akaniambia neno moja ambalo nililisikia kwa sikio moja, "Zile nyuzi zikitoka njoo tubadilishe, usijazie takataka nyingine."

Barabara ya Kilosa ilizitoa. Shimo hili, tuta lile, kila nikiruka nasikia sauti inapanda kidogo, na nilipoingia kwa Mjomba mlio ulikuwa umesharudi uleule wa zamani, tena na hasira ya kufungiwa. Mjomba alikuwa ameshavaa kanzu na baraghashia, yuko tayari. Alinitazama mimi, akaitazama pikipiki, akasema, "Nilisema basi."

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Nilisema basi."

Nikamwomba dakika chache tu. Na hapa ndipo akili yangu ilipoanza kufanya kazi, jambo ambalo ni la hatari siku zote. Uani kwa Mjomba kulikuwa na mafungu ya katani, shangazi, mke wa Mjomba, anasokota kamba za mifugo na kuuza, nyuzi nzuri ndefu nyeupe zimeanikwa kama nywele za bibi. Nikawaza, nyuzi ni nyuzi. Nikawaza tena kwamba katani inashika moto, na kwa kuwa mimi ni mtaalamu nikapata na dawa yake, nikailoweka kwenye ndoo. Nikakichomoa kibomba, nikakivalisha katani mbichi inayochuruzika maji, nikakirudisha. Bolti ikagoma kukaza mpaka mwisho kwa sababu ya unene. Nikasema inatosha.

Nikawasha. Jamani, ulikuwa mtamu kuliko ule wa Fundi Chande! Mpaka Mjomba, aliyekuwa amenuna, akainamisha kichwa akasikiliza na kusema, "Kumbe inawezekana." Ilikuwa inatoa mvuke kidogo nyuma, mweupe, nikamwambia ni kawaida.

Makubaliano yakawa nimshushe Mjomba kwenye kona, mbali na nyumba ya Mzee Mrisho, nirudi zangu. Nikamshusha. Akajikung'uta, akaenda kwa mwendo wa kishenga, mikono nyuma. Na mimi nilitakiwa kugeuza. Lakini nikiusikiliza ule mlio, laini namna ile, shetani akaninong'oneza kwamba na pikipiki kimya hivi naweza kusogea mpaka nyuma ya uzio wa jiko na kusikia jibu kwa masikio yangu. Nikasogea. Sikuzima injini, maana eksosi imelowa, nikizima nitapiga kiki mpaka Magharibi. Nikaiacha inanguruma polepole, mimi nimeinama nimebana sikio kwenye uzio wa mabua, na kwa ndani nawasikia vizuri kabisa.

Mjomba anazungumza, jamani, nyie hamjawahi kumsikia. Alianza na salamu za ukoo, akaja kwenye mvua, akaja kwenye mpunga, kisha akateremka taratibu kwenye jambo lenyewe. "Tumekuja kuomba kuzaliwa katika nyumba hii."

"Kijana wenu ni mtu wa namna gani?" Ilikuwa sauti ya Mzee Mrisho. "Maana hapa katikati alipita mwendawazimu mmoja na pikipiki."

Wakati huohuo nikasikia harufu. Nikageuka, ule mvuke mweupe sasa ulikuwa moshi, na ulikuwa wa manjano, unatoka kwa wingi, katani imekauka na sasa inaungua humo ndani taratibu kama ubani wa mganga, na upepo unaupeleka wote ndani ya uzio. Nikasema nipige resi moja ya kuusukuma nje. Moja tu.

"Kijana wetu," Mjomba alikuwa anasema, "ni mtulivu. Anaweza kuwa hapo nyuma ya ukuta na usijue kama yupo."

TWAAA!

Sijawahi kusikia kitu kama kile, na mimi ni mtu wa kelele. Bolti ilikatika, na kibomba chote kikatoka kama kimefukuzwa, kimevaa katani yake inayowaka, kikaruka juu ya uzio na kutua barazani, kwenye mkeka, kati ya mshenga na mkwe. Kipande kingine cha katani kikaangukia lundo la pumba za mpunga pale uani, na mnajua pumba zilivyo, haziwaki, zinafuka tu, na uani kote kukawa hakuonekani mtu. Nikasikia, "Moto! Moto!" na ndoo zinagongana.

Ningeweza kukimbia. Naomba hili mlikumbuke mtakapokuwa mnanicheka. Lakini ndani ya moshi ule alikuwa Rehema na nyumba yao, kwa hiyo nikapita katikati ya uzio (sikuona mlango, nikautengeneza) nikaanza kukanyaga pumba kwa miguu. Macho yananitoka machozi, sioni kitu, nasikia tu watu wanakuja, wakubwa, wakwe zangu, na mimi nimelelewa, siwezi kumpita mtu mzima bila kumwamkia. Kivuli kikitokea, "Shikamoo!" "Marahaba!" na ndoo ya maji ya uso. Kingine, "Shikamoo mama!" "Marahaba mwanangu, sogea!" na ndoo ya kifua. Kivuli kingine kikaja kikakohoa kwa heshima kabisa, kifupi, kina ndevu, nikajua huyu ni babu wa ukoo, nikainama kabisa nikasema, "Shikamoo babu." Kimya. Nikarudia kwa sauti, pengine hasikii vizuri. Moshi ukapungua, nikakuta nimempigia goti beberu.

Na watu wote walikuwa wanatazama. Kutoka jikoni nikasikia mtu anacheka mpaka anakosa pumzi, na kicheko kile nilikijua.

Mzee Mrisho akasogea, kibomba changu amekishika kwa kipande cha gunia. "Huyu ni nani?"

Mjomba, Mungu ampe umri mrefu, hakupepesa jicho. "Ni bodaboda aliyenileta. Sijui kwa nini hajaondoka."

"Bodaboda." Mzee akanizunguka, natiririka maji meusi, mabua kichwani. "Haya, bodaboda, huyo kijana wanayemwombea posa unamfahamu?"

"Namfahamu, mzee."

"Mtu gani?"

Nikamtazama Mjomba, Mjomba akatazama mawingu. "Ni mtulivu, mzee," nikasema, na meno yanagongana. "Mtulivu sana."

"Ana pikipiki?"

"Alikuwa nayo."

Mzee akatikisa kichwa, akanipa kibomba changu, nikaondoka nikiikokota pikipiki kwa miguu mpaka kwa Mjomba, na njia nzima sikuwaza aibu, nilimwaza Rehema na ule mdomo wake mmoja alioutumia kwa ajili yangu. Usiku sikula. Shangazi aliniletea ugali ukalala vilevile ulivyokuja.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata kupitia Mjomba, na alikuwa ananitazama kwa namna ya ajabu. Posa imekubaliwa. Tupeleke mahari. "Ila amesema," Mjomba akaongeza, "tusisahau kwenda na yule bodaboda."

Nilikwenda kwa basi. Kanzu mpya, mafuta usoni, nimekaa mwisho wa mkeka nimeinamisha kichwa, na Mzee Mrisho akapokea salamu za wote mpaka akafika kwangu. "Bodaboda, karibu. Muoaji yuko wapi?"

"Ni mimi, mzee," nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

"Nilijua tangu siku ile. Bodaboda nikimmwagia maji, ataondoka na nauli yake na matusi juu. Wewe ulikuwa unaungua miguu na bado unaamkia watu." Midomo ikaanza kumcheza. "Nikasema, mtu anayemwamkia mpaka beberu wangu, huyo hajaja kuleta vurugu, huyo ana shida na nyumba hii kweli. Kelele zinatibika."

Mjomba ndiye aliyelia, eti vumbi.

Pikipiki ninayo bado, na ina kibomba cha kiwandani, na nimeapa mbele ya Fundi Chande kwamba katani nitaishika kwenye kamba tu, na pale wakubwa wanaposema kaa nyumbani unywe chai, nitakaa na chai nitaimaliza. Kwenye harusi yetu walichinjwa mbuzi wengine, yule beberu Mzee alikataa asiguswe. "Huyu ni mkubwa wake," alisema akinitazama mimi. Na mpaka leo nikifika Kilosa, kabla sijakaribishwa kiti wala maji, Mzee Mrisho ananielekeza kwa kidole kule uani, watoto wanakusanyika, Rehema anaanza kucheka kabla sijafika, na mimi navua kofia, naenda kutoa shikamoo yangu.